Masomo ya Sayansi katika Shule ya Sekondari

Ninyi wanafunzi wa Karatu na Ngorongoro mnaokaribia kumaliza shule ya msingi, mmekwisha kusikia habari za masomo ya sayansi yafundishwayo katika shule ya sekondari. Wengine wenu mmeambiwa na kaka na dada zenu kwamba ni masomo magumu, yafaayo watu wachache tu wenye akili za ajabu. Wengine mmesikia majina yake, fizikia, kemia na biolojia, wala hamjui kila moja lahusu nini. Na jambo lisilojulikana huogopwa, kama mgeni aogopavyo njia ya msituni ambayo mwenyeji huipita kila siku.

Basi katika somo hili tutayatazama masomo hayo moja moja. Mifano yetu hatutaitafuta mbali. Tutaanza jikoni penye sufuria ya maharage, kisha tutakwenda kisimani, kisha machungani, hata tufike Bonde la Olduvai. Mwisho tutasema habari za kuchagua, maana kuchagua ni jambo zito. Mwanafunzi aachaye somo leo kwa hofu tu, huenda amefunga mlango atakaoutafuta baada ya miaka mitano asiweze kuufungua.

1. Fizikia

Fizikia ni elimu ya nguvu, mwendo, joto, mwanga, sauti na umeme. Kazi yake ni kuuliza jambo latendekaje, na kwa kiasi gani.

Twaeni mfano huu. Mama apikaye maharage katika mji wa Tanga, ulio pwani, huyaivisha upesi kuliko mama apikaye maharage ya namna ile ile mjini Karatu. Naye akaaye juu, ukingoni mwa Kreta ya Ngorongoro penye ukungu, hukawia kuliko wote wawili. Kuni ni zile zile, na maji yatokota vile vile. Sababu ni nini? Watu wengi watajibu kwamba ni baridi. Baridi huchelewesha kidogo, lakini sababu kubwa ni nyingine.

Dunia yetu imezungukwa na hewa, na hewa ina uzito. Hewa iliyo juu yetu hukandamiza kila kitu, hata maji yaliyo katika sufuria. Maji yanapotaka kuchemka, mvuke hujitahidi kutoka, na mkandamizo wa hewa huuzuia. Mtu wa pwani yu chini kabisa, na hewa iliyo juu yake ni nyingi. Kwa hiyo maji yake hayachemki mpaka yafikie joto la nyuzi 100 za Sentigredi. Mji wa Karatu uko kadiri ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa imepungua, mkandamizo ni mdogo, na maji huchemka yakifikia nyuzi 95 hivi. Ukingoni mwa kreta, penye kimo cha meta 2,300 hivi, maji huchemka kwa nyuzi zipatazo 92 tu.

Tena fahamuni neno hili: maji yakiisha kuchemka hayazidi kupata moto, ijapokuwa utaongeza kuni hata meko yawake kama tanuri. Kuni hizo za ziada huongeza mvuke tu. Maharage huivishwa na joto, hayaivishwi na mapovu, na joto la maji yetu ya mlimani ni dogo kuliko la maji ya pwani.

Ajuaye sababu hujua na dawa yake. Sufuria ya presha, yenye mfuniko ukazao sana, huuzuia mvuke usitoke ovyo. Mkandamizo ndani yake huongezeka, na maji hupata joto kubwa kuliko yale ya sufuria iliyo wazi. Hivyo maharage huiva upesi na kuni huokoka. Na kila mzigo wa kuni uokokao ni faida kwa msitu ulio juu yetu, ambao ndio ulindao chemchemi zinywewazo Karatu.

Katika sekondari mtafundishwa kupima mambo haya kwa vyombo, kama kipimajoto na mizani, na kuandika mlichokiona. Mtajifunza pia habari za sumaku, lenzi, umeme na mawimbi ya redio. Mhandisi wa madaraja, fundi wa umeme, mtabiri wa hali ya hewa, na mtu wa hospitali apigaye picha za mifupa kwa eksirei, wote walianza kwa fizikia.

2. Kemia

Kemia ni elimu ya vitu vyenyewe. Huuliza kitu hiki kimefanywa na nini, nacho hugeukaje kikikutana na kingine.

Bibi zetu hawakuijua sufuria ya presha, lakini walijua magadi. Magadi ni chumvi ipatikanayo katika maziwa ya Bonde la Ufa, kama vile Ziwa Natroni. Hata sakafuni mwa Kreta ya Ngorongoro liko ziwa la magadi. Kipande kidogo kikitiwa katika sufuria, maharage magumu hulainika. Kwa nini?

Kemia yatufundisha kwamba kuna vitu viitwavyo asidi, ambavyo ni vikali ulimini kama maji ya ndimu, na vitu vilivyo kinyume chake viitwavyo alikali, kama magadi na maji ya majivu. Ndani ya harage, vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho hushikamana kwa kitu kilicho kama gundi. Alikali huilegeza gundi hiyo, na asidi huifanya ishike zaidi. Ndiyo maana mpishi hodari hatii nyanya wala ndimu kabla maharage hayajaiva. Yeye ajua desturi. Mwanafunzi wa kemia ajua desturi na sababu yake pia.

Lakini kemia hutuonya vilevile. Mmewaona watu wenye meno yenye madoa ya kahawia, hasa katika nchi zilizo karibu na Mlima Meru na kando ya Bonde la Ufa. Watoto wengine hudhani kwamba watu hao hawapigi mswaki. Dhana hiyo ni kosa, tena ni dharau kwa mtu asiye na hatia. Madoa hayo hutokana na madini yaitwayo floraidi, ambayo hutoka katika miamba ya volkano na kuyeyuka katika maji. Kidogo chake huimarisha meno, kingi hudhuru. Mtoto akinywa maji yenye floraidi nyingi katika miaka ambayo meno yake yangali yakijijenga ndani ya ufizi, meno huota yakiwa yamekwisha kuharibika. Akizidi kunywa kwa miaka mingi, hata mifupa yaweza kupindika na kuuma. Na baadhi ya magadi tutiayo katika chakula yana floraidi hiyo hiyo.

Floraidi haionekani, haina harufu, wala ulimi hauwezi kuitambua. Wengine husema, “Tuyachemshe maji, yatakuwa salama.” Kuchemsha huua vijidudu, na ni desturi njema sana, lakini floraidi haifi, kwa kuwa haina uhai. Maji yakipungua kwa kuchemka, floraidi hubaki pale pale, nayo huzidi ukali katika maji machache yaliyosalia. Ni kupima kwa kemia tu kuwezako kuifichua. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa kila lita moja ya maji ya kunywa. Huko Ngurdoto, mkoani Arusha, kuna kituo ambacho wataalamu wake walifanya kazi ya kuiondoa floraidi kwa mifupa ya wanyama: mifupa huchomwa tanurini, husagwa chengachenga, na maji hupitishwa ndani yake, na floraidi hunaswa humo.

Katika wilaya yetu ya Karatu kuna kijiji kiitwacho Gongali. Huko ndiko alikozaliwa Askwar Hilonga. Alisoma masomo ya sayansi, akaendelea hata akapata shahada ya uzamivu katika uhandisi wa kemia huko Korea ya Kusini, kisha akarudi kufundisha katika Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, iliyoko Arusha. Akabuni chujio la maji litumialo mchanga pamoja na chembe ndogo mno zilizotengenezwa kwa ufundi wa kemia, ili kunasa vijidudu na madini mabaya kama floraidi. Chujio hilo hutengenezwa kwa kufuata maji ya mahali penyewe, maana maji ya kijiji hiki si sawa na ya kile. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi, naye akawa mtu wa kwanza kuipata tuzo hiyo. Kampuni aliyoianzisha aliiita Gongali, jina la kijiji chake.

Basi mtu asiwaambie kwamba kemia ni mambo ya watu wa mbali.

3. Biolojia

Biolojia ni elimu ya viumbe vyenye uhai: mimea, wanyama, mwanadamu, na vijidudu vidogo visivyoonekana ila kwa hadubini.

Wafugaji wa Ngorongoro wanajua tangu zamani za mababu kwamba nyumbu wanapozaa, hasa mwezi wa Februari, katika mbuga za Ndutu na Olduvai, ng'ombe hawana budi kuondolewa. Majani ya wakati huo ni mazuri kuliko yote ya mwaka. Hata hivyo mfugaji huwaachia nyumbu, akawapeleka ng'ombe wake mahali pengine penye majani duni. Maana ng'ombe wakilisha pamoja na ndama wa nyumbu, huugua homa kali, macho huvimba na kufanya ukungu, kisha karibu wote walioshikwa hufa. Nyumbu wenyewe hawaugui.

Mwaka 1960 Walter Plowright, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Kenya, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wameipata sababu. Ni kirusi kiishicho ndani ya nyumbu bila kumdhuru, na ndama wachanga ndio wanaokieneza sana. Wazee walijua ni lini na ni wapi pa kuogopwa. Biolojia ikaeleza ni kwa nini. Elimu hizi mbili hazigombani. Mtaalamu mwenye hekima huwauliza wafugaji kwanza, kisha huichukua hadubini yake.

Ugonjwa mwingine ulikuwa mbaya kuliko huo, nao ni sotoka. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiosemeka, na njaa kubwa ikawapata Wamasai na wafugaji wengine. Hata baada ya miaka sitini ilikuwa bado ikirudi mara kwa mara. Ndipo Plowright yule yule, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, alipotengeneza chanjo iliyowalinda ng'ombe kwa maisha yao yote. Ng'ombe wakachanjwa.

Sasa tazameni jambo la ajabu. Hakuna mtu aliyewachanja nyumbu, kwa maana nani aweza kuwashika? Walakini ng'ombe walipokwisha kulindwa, nyumbu nao wakapona. Ikadhihirika kwamba sotoka ilidumu kwa sababu ya ng'ombe. Nyumbu waliambukizwa tu. Nyumbu wa Serengeti na Ngorongoro, waliokuwa kadiri ya 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walipita milioni moja kabla miaka ya 1970 haijaisha. Hata mwaka 2011 ikatangazwa kwamba sotoka imekwisha duniani. Ni ugonjwa wa pili tu kuondolewa kabisa na mwanadamu. Wa kwanza ulikuwa ndui, uliotangazwa kwisha mwaka 1980.

Daktari wa watu, daktari wa mifugo, muuguzi, bwana shamba, na mhifadhi wa wanyama, kila mmoja wao ni mwana wa biolojia.

4. Hesabu

Huenda mtu akauliza, “Hao nyumbu milioni moja, ni nani aliyewahesabu?” Swali hilo ni jema, nalo latupeleka kwenye somo ambalo masomo mengine yote ya sayansi huliegemea, yaani hesabu.

Nyumbu hawasimami mstarini kama wanafunzi wa shule. Basi wataalamu hupanda ndege, wakaruka kwa mistari iliyonyoka juu ya mbuga, wakipiga picha kwa nafasi zilizopangwa. Hawapigi picha mbuga nzima, hupiga sehemu tu. Kisha huwahesabu nyumbu waliomo katika picha, wakakisia idadi ya wote.

Tufanye mfano wa kujizoeza. Tuseme mbuga ina ukubwa wa kilometa za mraba 1,000. Picha zote pamoja zimeonyesha kilometa za mraba 50, na ndani yake wameonekana nyumbu 6,200. Kilometa 50 huingia mara 20 katika 1,000. Basi 6,200 mara 20 ni 124,000. Hiyo ndiyo idadi tunayoikisia. Mwanafunzi wa darasa lenu aweza kuifanya hesabu hiyo. Katika sekondari atajifunza neno la pili lililo kubwa zaidi, yaani kupima kosa laweza kuwa kubwa kiasi gani, kwa kuwa nyumbu hukusanyika mahali pamoja na kupaacha pengine patupu.

Mwanafunzi asemaye, “Napenda biolojia lakini nazichukia hesabu,” ni kama mkulima apendaye mavuno asiyetaka kushika jembe.

5. Masomo yafanyayo kazi pamoja

Yako maswali ambayo somo moja halitoshi kuyajibu. Tarehe 17 Julai 1959, katika Bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona mfupa ukitokeza ardhini. Ulikuwa sehemu ya fuvu la kiumbe wa kale mno, mwenye kufanana na mwanadamu kwa mambo mengine na kutofautiana naye kwa mengine. Kila mtu aliuliza, “Ni la tangu lini?” Mfupa hauna tarehe iliyoandikwa juu yake.

Jibu lilitoka katika majivu ya volkano. Milima yetu ya Ngorongoro ni mazao ya moto wa chini ya nchi. Kreta yenyewe ni mlima uliobomoka na kudidimia ndani. Milima hiyo ilipotapika, majivu yalianguka Olduvai, tabaka juu ya tabaka, yakaifunika mifupa. Ndani ya mawe ya volkano mna madini yaitwayo potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo arigoni. Jiwe likiwa limeyeyuka kwa moto, arigoni yote hutoroka. Likiisha kuganda, arigoni mpya hufungwa ndani, nayo huongezeka kadiri miaka ipitavyo. Basi apimaye arigoni iliyofungwa na potasiamu iliyobaki aweza kujua jiwe liliganda lini. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani walitoa jibu: tabaka lile lilikuwa na umri wa miaka ipatayo 1,750,000. Watu wengi walistaajabu, maana hawakudhani kuwa ni ya kale hivyo.

Tazameni ni masomo mangapi yaliyokutana hapo. Jiografia ilieleza milima na matabaka. Kemia iliijua potasiamu. Fizikia ilijua mwendo wa kugeuka kwake. Biolojia ililisoma fuvu. Na hesabu iliwaunganisha wote.

6. Habari za kuchagua

Katika kidato cha kwanza mtakutana na fizikia, kemia, biolojia na hesabu, pamoja na jiografia. Shule nyingine hufundisha pia kilimo au elimu ya kompyuta. Kwa miaka mingi desturi ilikuwa kwamba mwanafunzi afikapo kidato cha tatu aweza kuacha fizikia na kemia, lakini hesabu na biolojia huendelea nazo mpaka mwisho wa kidato cha nne. Mitaala hubadilika, kwa hiyo mwanafunzi na awaulize waalimu wake mapema ni masomo gani ya lazima kwa mwaka wake, wala asingoje siku ya kujaza fomu.

Waendeleao hadi kidato cha tano na cha sita husoma masomo machache kwa kina, yaliyofungwa pamoja katika kile kiitwacho tahasusi. Fizikia, kemia na hesabu ni tahasusi ya wapendao uhandisi. Fizikia, kemia na biolojia ni ya wapendao udaktari wa watu au wa mifugo. Kemia, biolojia na jiografia hufaa kwa kilimo, misitu, maji na wanyamapori. Fizikia, jiografia na hesabu hufaa kwa wapimaji wa ardhi na wachoraji wa ramani. Hata asiyekwenda kidato cha tano hakufungiwa. Viko vyuo vya afya, vya kilimo na vya mifugo, kama kile cha Tengeru, vipokeavyo waliomaliza kidato cha nne. Lakini navyo huuliza, “Ulisoma biolojia? Ulisoma kemia?” Hapo ndipo mtu aliyeliacha somo bila kulijaribu hujuta.

Siwaambii kwamba njia ni tambarare. Katika shule za sekondari za nchi yetu sayansi hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyesoma kwa Kiswahili huona katika miezi ya kwanza kama kwamba amezibwa masikio. Wengi hudhani kwamba sayansi imewashinda, kumbe kilichowashinda ni lugha tu. Dawa yake ni daftari ndogo ya maneno. Kila neno jipya liandikeni kwa Kiingereza, na kando yake elezeni maana yake kwa Kiswahili, kwa maneno yenu wenyewe. Maneno matano kila siku ya shule hupita mia tisa kwa mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Tena msisahau kazi ya mikono. Sayansi hutahiniwa kwa kuandika na kwa kutenda pia, maabarani. Shule nyingine zina vyombo vichache. Katika shule ya namna hiyo, mwanafunzi asisimame nyuma ya wenzake akitazama mabega yao. Na aombe zamu yake ashike chombo mwenyewe. Nawaambia hasa ninyi wasichana, kwa maana mara nyingi wavulana hushika vyombo, na wasichana huachiwa kuandika. Andikeni zamu kwa zamu, shikeni zamu kwa zamu.

7. Mwanafunzi aliyeuliza

Mwaka 1963 palikuwa na mvulana wa kidato cha tatu, jina lake Erasto Mpemba, katika shule ya sekondari ya Magamba, milimani Usambara. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari. Desturi ilikuwa kuyaacha maziwa yapoe kwanza, ndipo yatiwe katika jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa karibu kwisha, naye Mpemba akaogopa kuikosa, akayatia maziwa yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu akaona kwamba maziwa yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyotiwa yakiwa hayana moto. Akamwuliza mwalimu. Mwalimu akamjibu kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani.

Mpemba alinyamaza, lakini hakulisahau swali lake. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, mgeni alikuja kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwalimu wa fizikia aitwaye Denis Osborne. Mpemba akasimama, akamwuliza swali lile lile. Wenzake wakamcheka. Osborne hakumcheka. Naye alidhani kwamba kijana amekosea, lakini aliahidi kujaribu, na aliporudi chuoni akaagiza jaribio lifanywe. Matokeo yakawa kama Mpemba alivyosema. Mwaka 1969 wakaandika habari hiyo pamoja katika gazeti la wataalamu, na tangu hapo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Hata leo wataalamu hawajapatana juu ya sababu yake. Wengine husema hutokea kwa nadra, na wengine wanashaka kama hutokea kweli maji yakipimwa kwa uangalifu. Kutopatana huko hakumpunguzii Mpemba heshima. Aliona, akauliza, akadumu kuuliza, akakubali jambo lipimwe. Hiyo ndiyo kazi yote ya sayansi. Naye baadaye hakuwa mtu wa fizikia: alisoma katika chuo cha wanyamapori cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, akafanya kazi ya serikali ya kuhifadhi wanyama. Swali la maziwa halikumzuia kuwa mtu wa porini, wala pori halikuyafuta maziwa.

Basi ninyi nanyi, mkiona maharage yakikawia kuiva, au ng'ombe wakihamishwa Februari, au doa katika jino la mwenzenu, msiseme tu, “Ndivyo ilivyo.” Ulizeni kwa nini. Mkifika sekondari mtakuta kwamba maswali yenu yana majina na madarasa yake, na kwamba mengine bado yangoja mtu wa Karatu au Ngorongoro kuyajibu.

Maswali

1. Kwa nini maji huchemka kwa joto dogo ukingoni mwa kreta kuliko Tanga?
2. Kuchemsha maji huondoa nini, na hakuondoi nini?
3. Nyumbu walipona sotoka bila kuchanjwa. Elezeni jinsi ilivyokuwa.
4. Mbuga ina kilometa za mraba 600. Picha zimeonyesha kilometa za mraba 40, na nyumbu 1,500. Kisieni idadi ya nyumbu wote.
5. Ni tahasusi gani ingemfaa mtu atakaye kuwa daktari wa mifugo? Na mpimaji wa ardhi?

Jaribio la kufanya nyumbani

Mwombeni mama au bibi ruhusa. Twaeni vikombe viwili vya maharage ya namna moja yaliyoloweshwa usiku kucha. Tieni kila kikombe katika sufuria yake, maji sawasawa. Katika sufuria moja kamulieni ndimu moja. Pikeni kwa moto ulio sawa, na kila baada ya robo saa bonyezeni harage moja la kila sufuria kwa kijiko. Andikeni saa ambayo kila sufuria imeiva, mlete shuleni. Msipopata sawa na lisemavyo somo hili, msibadilishe hesabu zenu. Zileteni vivyo hivyo, tutafute sababu pamoja.